Kisangani: Umeme unapokatika, vitufe viwili vinaokoa kazi ya saa nzima

Mjini Kisangani, mtu anayetaka kupigisha barua, CV au kazi yake ya mwisho wa masomo huenda kwenye nyumba ndogo yenye kibao cha « secrétariat public ». Ziko nyingi katika komini ya Makiso na karibu na majengo ya chuo kikuu. Ndani mna kompyuta moja au mbili na mashine ya kuchapa karatasi; jenereta, kama ipo, iko nje ya mlango. Mteja hulipa kwa ukurasa. Kwa hiyo umeme ukikatika na kurasa tano zikapotea, mpiga mashine huzipiga tena bure, maana hakuna mteja atakayelipa mara mbili.

Na umeme hukatika. Mji unategemea bwawa la mto Tshopo, lililojengwa wakati wa Wabelgiji, na mitambo yake imezoea kuharibika. Juu ya hayo, laptopu nyingi zinazouzwa ni za mitumba na betri zake zimekufa: zinafanya kazi zikiwa zimechomekwa ukutani tu, na umeme ukienda zinazimika papo hapo.

Ndiyo sababu njia za mkato za kibodi, au klavie kama wengi wanavyosema hapa, zina maana kubwa kwetu kuliko kwa mtu wa ofisi ya Paris. Ya kwanza ni Ctrl na S. Inahifadhi faili bila kugusa kipanya, bila kufungua menyu yoyote. Anayeibonyeza kila anapomaliza aya hupoteza aya moja tu, basi.

Word nayo ina ulinzi wake. Kwa kawaida, kila dakika 10 inaweka nakala ya kumsaidia aliyezimikiwa ghafla. Kwa mji wetu dakika 10 ni nyingi mno. Fungua « Fichier », kisha « Options », kisha « Enregistrement », utaona namba hiyo. Iweke 2, au hata 1. Na kama faili haikuwahi kupewa jina kabla ya kuzimika, usianze kulia: rudi kwenye « Fichier », ingia « Informations », halafu « Gérer le document », utafute hati ambazo hazikuhifadhiwa. Mara nyingi kazi iko pale pale.

Lakini kuna mtego ambao vitabu vya kompyuta havisemi sana. Shuleni na maofisini tumejifunza kwa klavie ya Kifaransa, AZERTY. Mashine za mitumba zinazopitia Dubai au Kampala zina QWERTY. Kwenye QWERTY, W iko mahali pale pale ambapo AZERTY inaweka Z. Mpiga mashine aliyezoea AZERTY anataka kufuta kosa lake kwa Ctrl na Z, kidole kinakwenda chenyewe mahali pake, na hati inafungwa, kwa sababu Ctrl na W ndiyo amri ya kufunga. Word inauliza kama uhifadhi. Mwenye haraka anajibu hapana, na kazi imekwenda. Hali ni ile ile kwa A na Q: unataka kuchagua maandishi yote kwa Ctrl na A, kumbe umebonyeza Q na kuondoa mpangilio wa aya.

Dawa ipo ndani ya Windows yenyewe. Ukiwa umeweka klavie zote mbili kwenye mipangilio ya lugha, kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi hukuhamisha kutoka moja kwenda nyingine. Herufi zilizochorwa kwenye vitufe hazitabadilika, ila vidole vitapata mahali vilipozoea.

X, C na V hazina shida hiyo, zimekaa mahali pamoja kwenye klavie zote mbili. Kukata, kunakili na kubandika maandishi ni kazi ya Mmarekani Larry Tesler na wenzake katika maabara ya Xerox, California, miaka ya 1970. Tesler alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 74, na kila mwanafunzi wa UNIKIS ana deni kwake, hata kama hajui jina lake.

Lugha ya programu nayo inabadilisha mambo. Word ya Kifaransa inanenepesha maandishi kwa Ctrl na G, herufi ya « gras ». Word ya Kiingereza inataka B. Ukibonyeza G inakufungulia dirisha la kutafuta ukurasa. Anayefanya kazi kwenye mashine ya mwingine aangalie kwanza menyu ziko kwa lugha gani.

Kwa wenye memwari, faida kubwa iko kwenye « Styles ». Kila kichwa cha sura kikipewa « Titre 1 » na vichwa vidogo « Titre 2 », jedwali la yaliyomo hujitengeneza lenyewe chini ya « Références ». Profesa akitaka sura ihamishwe, namba za kurasa zinasahihishwa kwa kubofya mara moja. Wanaoandika jedwali hilo kwa mkono, nukta kwa nukta, wanalipa muda huo kila sahihisho linapokuja.

Tangu mwishoni mwa 2018, Windows 10 imeongeza Windows na V, inayokumbuka hadi vitu 25 ulivyonakili. Inabidi kuiwasha mara ya kwanza. Kwenye kompyuta ya watu wengi iache imezimwa, maana neno la siri ulilonakili linabaki humo likimngoja mteja anayefuata. Na mashine ikizimika, orodha yote inafutika, isipokuwa vile ulivyobandika pini.