Wenye Mali na Wenye Ziwa

Misafara iliyoshukia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, katika karne ya 19, ikileta shanga na nguo za kaniki na merikani ili irejee pwani na pembe za ndovu na, kwa fedheha isiyofutika, wanadamu waliotiwa minyororo, aghalabu haikuwa mali ya viongozi wake. Nyuma yao walikuwako matajiri wa Unguja, mfano wa Taria Topan, aliyemkopesha bidhaa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip. Mali ile ilikuwa deni: msafara ukiporwa au wapagazi wakifa kwa ndui, mkopaji alidaiwa vilevile.

Mitaji inayoingia Afrika Mashariki leo kwa njia ya mifuko ya uwekezaji ina tabia nyingine. Wasimamizi hukusanya fedha za mashirika ya pensheni na ya maendeleo, likiwamo lile la Uingereza lililoundwa mwaka 1948 kwa ajili ya makoloni, ambalo tangu 2022 laitwa British International Investment. Kisha hununua hisa za kampuni zisizouzwa sokoni, huketi katika bodi, hutengeneza hesabu na uongozi, na baada ya miaka mitano au saba huuza sehemu yao. Mfuko kwa desturi huishi miaka 10, na wasimamizi hutwaa kama asilimia 2 ya fedha hizo kila mwaka na asilimia 20 ya faida. Fiqhi yaijua sura hii tangu kale: wenye fedha na msimamizi wao hukaribia mudharaba, yaani mmoja hutoa mali na mwingine kazi, na mfuko ukiingia katika kampuni huwa ni musharaka, yaani ushirika wa mali, faida na hasara zikawa za wote. Kwa hiyo naupendelea ubia huu kuliko deni.

Lakini mkamuaji wa mawese na mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, hawafikiwi kwa urahisi, maana mifuko hutafuta kampuni kubwa zenye vitabu vilivyokaguliwa. Tena muda wake ni mfupi: mchikichi hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, na ziwa nalo huhitaji kupumzishwa, kama serikali ilivyosimamisha uvuvi kwa miezi mitatu mwaka 2024. Mshirika mwenye haraka ya kuuza ataiona miezi hiyo kuwa hasara tupu, hali mvuvi aiona kuwa ni samaki wa mwakani. Basi mwenye kampuni wa Kigoma anayekaribisha mshirika wa namna hii adai iandikwe katika mkataba, kabla hajapokea shilingi, kwamba siku hisa zitakapouzwa yeye ndiye wa kwanza kuulizwa, na kwa bei itakayokadiriwa na mtu asiye na upande.