Omena wa Kitengela na wavuvi wanaokesha ziwani

Ukipita katika soko la Kitengela jioni yoyote ile hutakosa kumwona mama aliyeketi nyuma ya kilima cha omena, gorogoro mkononi, akiwapimia wateja wake. Baadhi ya omena hao hufika hadi vijiji vya ndani kama Entarara, mahali ambapo wazee wa Kimaasai hawakuwa na mazoea ya kula samaki hata kidogo. Na usidhani jambo hili halikuhusu kwa kuwa nyumbani kwako hamli omena. Yai ulilokula asubuhi ya leo huenda lilitagwa na kuku aliyelishwa samaki huyo huyo, maana omena husagwa kwa wingi na kuchanganywa katika chakula cha kuku wa mayai.

Je, umewahi kujiuliza anavuliwa vipi, na ni nani anayemfuata huko aliko?

Sisi wa huku ni watu wa nyika. Maji yetu hutoka katika visima vya kuchimbwa kwa mashine, na mengine huletwa kwa lori na kuuzwa kwa mtungi. Kwa hivyo si rahisi kwetu kupata picha ya Ziwa Victoria. Hebu jaribu hivi: chukua Kaunti nzima ya Kajiado, kuanzia Ngong hadi Loitokitok, kuanzia Kitengela hadi Magadi na Namanga, kisha uitumbukize ziwani mara tatu. Bado maji yatasalia. Ziwa lina eneo la kilomita mraba 68,800 hivi, na katika hizo Kenya ina asilimia 6 tu. Zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Juu ya maji hayo kuna zaidi ya wavuvi 200,000, na vyombo vyao vinapita 70,000. Vingi ni mashua za mbao zilizo fupi kuliko basi la abiria, nyingine zikiwa na injini ndogo nyuma, nyingine zikitegemea tanga na makasia.

Usiku mmoja majini

Tuseme umekubaliwa kupanda mashua ya omena. Mnaondoka ufuoni jua likikaribia kuzama, mkiwa watu wanne hivi. Ndani kuna wavu wenye macho madogo mno, taa kadhaa, vyelezo vya kuzibebea, kamba, nanga ya jiwe, kopo la kuchotea maji yanayoingia, na chakula kidogo. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye kelele na zenye kula mafuta kama mlevi anavyokunywa pombe. Siku hizi wengi wametwaa taa za betri zinazochajiwa kwa nguvu za jua.

Usiku mzuri wa omena ni usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaioni sababu ya kuikimbilia taa, na ndiyo maana kuna siku katika kila mwezi ambapo mashua nyingi hupumzika. Giza likiingia mnaziweka taa juu ya vyelezo, mnaziacha zielee, kisha mnangoja. Mnangoja sana. Wadudu wa ziwani hukusanyika kwenye mwanga, na omena, ambaye hata akikomaa ni mfupi kuliko kidole chako cha kati, hupanda juu kuwafuata. Baada ya saa nzima au zaidi mnaizungushia taa wavu polepole na kuuvuta mashuani kwa mikono. Mkimaliza taa moja mnahamia nyingine. Kazi ni hiyo hadi alfajiri, mgongo umeinama, nguo zimelowa, na baridi ya ziwani si ya kuchezewa hata kama mchana kule ni joto la kutoa jasho.

Mnaporudi, akina mama wanawangoja na mabeseni. Mauzo hufanywa pale pale. Kwanza hutolewa gharama za petroli na taa, kisha mwenye mashua na wavu huchukua sehemu yake, halafu mabaharia hugawana kilichosalia. Usiku ambao hamkupata kitu petroli bado hudaiwa. Samaki huanikwa juu ya mchanga, mawe au nyavu kuukuu, na jua likiwa kali huwa tayari kwa siku moja. Mvua ikinyesha wanaoza, na walioharibika hivyo ndio aghalabu huwaendea kuku.

Mashua ya mbuta ina mwendo wake. Hii hutega nyavu kubwa alasiri na kuzirudia asubuhi, au hutandaza kamba ndefu yenye mamia ya ndoana zilizotiwa chambo. Hao ndio wanaokwenda mbali kweli kweli.

Kwa nini wasivue karibu?

Swali hili ndilo kiini cha habari yote. Wazee wa Nyanza wanakumbuka enzi ambapo mtu alivua ngege na fulu wa kutosha akiwa bado anaiona nyumba yake. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mbuta aliletwa ziwani. Samaki huyu hula samaki wenzake na anaweza kupita kilo 100. Kwa muda wa miaka 20 hivi alionekana mpole, kisha katika miaka ya 1980 akajaa ziwa zima, na mamia ya aina za fulu zikatoweka au zikabaki chache. Omena alinusurika kwa kuwa huzaana upesi, na leo hii yeye peke yake ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ziwani.

Mbuta alileta pesa. Viwanda vilijengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na wenyeji wakauziwa kichwa na mifupa, kile kinachoitwa mgongo wazi. Siku hizi hata kibofu cha mbuta kina soko lake nono Uchina. Palipo na pesa pana watu, na nyavu zikawa nyingi kuliko samaki. Ghuba ya Winam, ambayo ni sehemu ya maji ya Kenya, ikachoka: nyavu za macho madogo ziliwachota samaki wachanga, na tangu miaka ya 1990 magugu-maji yamekuwa yakiziba fuo kila yanapojisikia. Mvuvi akatoka nje ya ghuba, akapita Rusinga na Mfangano, akafika Remba na Ringiti, kisha akazidi kusonga.

Ndivyo Migingo ilivyopata umaarufu. Ni mwamba usiofika hata ekari moja, umefunikwa kwa vibanda vya mabati hadi ukingoni, na kutoka Sori katika Kaunti ya Migori ni mwendo wa saa mbili kwa boti ya injini. Mwaka 2009 Kenya na Uganda zilikaribia kukosana kabisa kwa sababu yake, na Rais Yoweri Museveni wa Uganda akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Hebu fikiri, msomaji, samaki anaishi upande gani!

Mfugaji wa Entarara hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Nyasi zikiisha huku yeye huwafuata ng'ombe wake kule ziliko, na mpaka wa Namanga haumwambii ng'ombe kitu. Oktoba 2017 serikali ya Tanzania ilikamata na kupiga mnada zaidi ya ng'ombe 1,000 wa Wamaasai wa upande wa Kenya waliovuka kutafuta malisho. Mwaka huo huo Uganda iliwatia wanajeshi wake katika kazi ya kulinda uvuvi, wakawa wakiharibu nyavu zisizokubalika na mashua zisizofika futi 28. Mara nyingi wavuvi Wakenya wamekamatwa, wakanyang'anywa injini na samaki, na wakarudi nyumbani na deni.

Tufani ya alfajiri

Lakini askari si adui mkubwa. Adui mkubwa ni upepo, na unafuata ratiba. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua huelekea milimani. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, ziwa hubaki na uvuguvugu wake, na upepo hutoka pande zote za nchi kavu kukutana katikati ya maji. Hewa yenye unyevu husukumwa juu, mawingu hujijenga, na kati ya usiku wa manane na saa tatu asubuhi dhoruba za radi hulipuka juu ya ziwa. Yaani saa zile zile ambazo mvuvi wa omena anavuta wavu na mvuvi wa mbuta anatoka kuzirudia nyavu zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionya kuwa kadiri dunia inavyozidi joto, dhoruba hizi za usiku zitazidi ukali.

Aliye karibu na ufuo huona umeme ukimulika, akakata kamba na kukimbia. Aliye saa mbili au tatu kutoka nchi kavu hawezi. Anageuza pua ya mashua iyakabili mawimbi, anachota maji, anaomba Mungu. Injini ikizimika, mashua hugeuka ubavu, na wimbi linalofuata huipindua. Makadirio ya kimataifa yametaja kati ya watu 3,000 na 5,000 wanaokufa kila mwaka katika ziwa hili, wavuvi na wasafiri pamoja.

Utasema, basi wavae jaketi za kuokoa maisha. Ni kweli, na sheria inawataka. Lakini jaketi nzuri ni ghali kwa mtu anayelipwa kwa mgao, ile ya bei rahisi hunywa maji kama sifongo, na zote humzuia mtu kuvuta wavu kwa uhuru. Wengi huikalia kama mto. Wengi pia hawajui kuogelea, jambo ambalo mtu wa bara huliona la ajabu. Kwa maoni yangu mzigo huu haufai kumwangukia baharia peke yake. Mwenye mashua ndiye anayenunua injini, na jaketi nne hazifikii hata kidogo bei ya injini hiyo.

Kumekuwa na nafuu. Kuanzia mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kupitia mradi uitwao HIGHWAY, lilizisaidia idara za hali ya hewa za nchi zetu kutoa utabiri wa ziwa sehemu kwa sehemu, ukitaja upepo na mawimbi ya usiku na mchana, na habari hizo zikasomwa redioni na kupitishwa kwa simu na kamati za fuo. Novemba 2018 Kenya ilizindua Walinzi wa Pwani, ambao kazi yao inafika hadi ziwani. Hata hivyo, panapotokea ajali wa kwanza kufika ni mvuvi mwenzako. Ndege ya abiria ilipoanguka majini karibu na Bukoba, Tanzania, tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia kuifikia. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisaidia kuuvunja mlango kwa kasia. Watu 24 walitoka hai.

Kila mwaka, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, Kenya hufunga uvuvi wa omena ili samaki wapate kuzaana. Ndiyo miezi ambayo bei ya gorogoro hupanda, na ukiuliza sana utaambiwa omena waliopo wametoka ng'ambo ya mpaka. Wenye mashua huzivuta nchi kavu, wakaziba nyufa na kushona nyavu. Baharia aliyekuwa akiishi kwa mgao wa kila asubuhi hana mashua ya kuziba. Wengine hurudi shambani, wengine huenda kutafuta vibarua mjini, na wengine hupanda mashua za mbuta, ambazo hazifungwi. Hizo ndizo zinazokwenda mbali zaidi, na Aprili na Mei ni miezi ya mvua za masika.