Divai nyekundu ya Italia: mbuzi ndiyo, ndakala hapana

Chupa ya divai nyekundu ikifika mezani huko Nyunzu, jimboni Tanganyika, mara nyingi ni siku ya arusi, ya komunyo ya kwanza au ya kumpokea mgeni mkubwa. Imesafiri mbali na imekula franka nyingi. Halafu mtu anaonja, anakunja uso na kusema ni chungu. Chupa inasukumwa pembeni, au inachanganywa na Fanta. Lakini huenda divai yenyewe ni nzuri, na chakula kilichowekwa karibu nayo ndicho kimeiharibu.

Kwa Waitalia divai na chakula haviachani, kama vile bukari isivyoliwa bila mboga. Tuchukue Chianti, inayotoka Toscana, katikati ya Italia. Tangu mwaka 1716 mtawala wa huko, Cosimo III, aliweka kwa amri mipaka ya eneo lake. Leo sheria inadai kwamba zabibu zake ziwe angalau asilimia 70 za aina ya Sangiovese. Kwa Chianti Classico, yenye alama ya jogoo mweusi shingoni mwa chupa, ni asilimia 80. Divai hiyo ina ukali kidogo na inakausha ulimi. Toscana wanainywa pamoja na nyama ya kuchoma, mchuzi wa nyanya na maharagi yenye mafuta ya zeituni.

Sababu iko kwenye maganda. Zabibu nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, nayo hutoa rangi pamoja na tanini, kitu kilekile kinachokausha kinywa mtu akinywa chai iliyokolea mno. Tanini inashikana na protini za mate, ulimi unakuwa mkavu. Kukiwa na nyama na mafuta mdomoni, ukavu huo unapungua, na divai inaonekana laini.

Kwa hiyo mbuzi wa kuchoma, mwenye chumvi na mafuta yake, ndiye rafiki wa kwanza wa Chianti huko Nyunzu. Mbuzi wa mchuzi wa nyanya anafaa vilevile, kwa sababu ukali wa nyanya na ukali wa Sangiovese vinaelewana. Maharagi yaliyopikwa kwa mawese na kitunguu yanakaribia sana yale ya Toscana, ila mafuta tu ndiyo tofauti. Sombe yenye mawese mengi nayo inapita, mradi isitiwe samaki wakavu.

Samaki ndio shida. Ndakala na mikebuka wana mafuta ambayo, yakikutana na chuma kidogo kilichomo katika divai nyekundu, huacha ladha kama ya kulamba msumari. Kwao bia au malafu ni afadhali mara mia. Pilipili nayo inazidi kuwaka, kwa kuwa divai hiyo ina kileo cha asilimia 12 hadi 14. Anayependa pilipili aiweke pembeni siku hiyo, au aache divai.

Joto nalo lina neno. Divai nyekundu inapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, na mchana wa Nyunzu una joto kupita hapo. Kuigandisha kama bia kunaongeza ukavu ulimini. Kitambaa chenye maji kikizungushiwa chupa mahali penye upepo kinatosha. Chupa iliyokaa wiki nyingi juani dukani haiponyeki, hata ikiwa na jogoo wake.

Anayeona Italia ni mbali atazame ng'ambo ya ziwa. Huko Dodoma, Tanzania, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, zabibu nyekundu ya Teroldego, asili yake Trentino, kaskazini mwa Italia, imepandwa katika eneo la Hombolo. Reli ya Dodoma ilifika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Kigoma ni kuvuka maji hadi Kalemie, na reli ya Kalemie kwenda Kabalo inapita Nyunzu. Teroldego ni nyeusi kwa rangi lakini haikaushi ulimi kama Sangiovese, hivyo kwa anayeonja mara ya kwanza huenda ikafaa kuliko Chianti, na mbuzi akiwa yuleyule.