Sufi ya Tanuri: Mzigo wa Bei Rahisi Wenye Gharama Iliyofichika

Kiwanda cha zamani kinapouzwa, mnunuzi hukagua mashine, paa na mabomba. Sufi iliyozungushiwa boila na tanuri ili kuzuia joto lisipotee mara nyingi huhesabiwa kama nyongeza ya bure. Hapo ndipo hasara huanzia, kwani joto na mvuke hubadili bidhaa hiyo.

Sufi ya kioo na sufi ya mawe hushikamanishwa kwa gundi ya fenoli na fomaldehaidi. Joto likizidi kiasi cha digrii 200 za Selsiasi, gundi huanza kuungua. Moshi wake huwasha macho na koo, na sufi inayobaki hutoa vumbi ikiguswa. Mvuke nao ukivuja, maji hudhoofisha nyuzi. Sufi iliyolowa hupitisha joto, na bomba la chuma lililo chini yake hupata kutu bila kuonekana.

Hatari kubwa zaidi imo katika nyuzi za kauri zinazowekwa ndani ya matanuri makali. Zikikaa muda mrefu kwenye joto la zaidi ya digrii 1,000, sehemu yake hugeuka kuwa kristobalaiti, ambayo ni aina ya silika. Vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Mwaka 1997, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya aina hiyo, inapovutwa kazini, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Mwaka 2002 shirika hilo liliondoa sufi ya kioo na ya mawe za kuzuia joto katika orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani, lakini nyuzi za kauri zikabaki humo. Sababu mojawapo ni kwamba nyuzi za kauri hukawia kuyeyuka ndani ya mapafu.

Kabla ya kutaja bei, mnunuzi aulize: ni sufi ya aina gani, ilifungwa wapi, ilipata joto kiasi gani, na je, iliwahi kulowa? Aidha, aweke kando fedha za mafundi wenye vifaa kamili vya kukinga pumzi; kitambaa puani hakitoshi. Sufi ya tanuri inyunyiziwe maji kabla ya kung'olewa, kisha ifungwe katika mifuko isiyopitisha vumbi.

Gharama hiyo ikatwe katika bei ya kununulia. Asiyeikata atailipa mwenyewe baadaye, au watailipa vibarua wake kwa mapafu yao.