Bandari ya Mwalala: Vile Mombasa Ilikaribia Kubeba Ligi, na Kwa Nini Bado Inangoja

Kama umezaliwa Mombasa na bado hujafika miaka 60, kuna kitu hujawahi kuona: timu ya mji wako ikibeba ligi kuu ya Kenya. Mara ya mwisho ilikuwa 1965, Feisal walipochukua. Tangu hapo kombe limekuwa Nairobi, likafika mpaka Awendo, lakini daraja la Makupa halijavuka.

Ukikaa baraza yoyote Mji wa Kale, kahawa tungu mkononi, utasikia wazee wakikuambia ball ilikufa na wao. Usiwaamini sana. Kuna wakati juzi tu, kati ya 2018 na 2019, ambapo kikosi kimoja cha kisiwani kilikuwa karibu sana. Kocha alikuwa Bernard Mwalala, na timu ni Bandari FC. Leo tunakupea hiyo risto yote, na tunakueleza vile mambo huenda, ndio siku nyingine ukisikia msee akisema "Mombasa hatuna mpira" ujue pa kumshika.

Bandari ni akina nani?

Jina lajieleza. Hii ni timu ya Mamlaka ya Bandari, KPA, wale wenye Kilindini. Mizizi yake ni miaka ya 60, enzi ikiitwa LASCO, timu ya kampuni ya kupakia na kupakua mizigo. Baadaye ikawa Cargo, kisha ikaja kuwa Bandari. Nyumbani ni Mbaraki, hapo hapo kisiwani, mwendo mfupi tu kutoka feri ya Likoni.

Kuwa timu ya shirika kuna raha yake. Mwezi ukiisha mchezaji anajua mshahara upo. Klabu nyingi za Kenya hazina hiyo bahati. Agosti 2019 SportPesa walipotangaza wanatoa doo yao kwa michezo Kenya, kuna klabu kubwa zilianza kulala njaa. Bandari walikuwa na mzazi.

Lakini raha hiyo ina bei. Timu ya shirika si ya mtaa. Feisal ilikuwa ya watu, ukitoka msikitini unakutana na winga wako. Bandari ilibidi ijitafutie mafans, na njia ya kupata mafans ni moja tu, kushinda.

Mwalala anaingia

Katikati ya 2018 klabu ikamchukua Mwalala kutoka Nzoia Sugar. Kama wewe ni mtu wa ball ya Tanzania jina hili si geni. Jamaa alikuwa straika, akacheza Yanga, akavaa jezi ya Harambee Stars. Kwa hivyo alikuja na kitu ambacho wachezaji huheshimu haraka: amefanya hiyo kazi, tena pale Dar ambapo mashabiki hawana huruma.

Sasa, kocha mkuu hufanya nini hasa? Wengi wetu tunadhani ni yule msee wa kupiga kelele kando ya uwanja. Kule Marekani, kwa ile football yao ya helmeti, kocha wa timu ya chuo kikuu ni mfalme. Ndiye anayetafuta wachezaji mashuleni, ndiye anapanga kila kitu, na kwenye majimbo mengi analipwa kuliko mtu mwingine yeyote anayelipwa na serikali, gavana akiwemo. Huku kwetu kocha anapewa timu, anapewa miezi michache, na akipoteza mechi nne mfululizo anaanza kusikia simu.

Mwalala alipewa kikosi na akakipanga kuanzia nyuma. Golini alikuwa Farouk Shikalo, kipa ambaye kwa hiyo miaka miwili straika wengi hawakutaka kumwona. Mbele yake beki Felly Mulumba, nahodha. Hesabu yake ilikuwa rahisi: tusifungwe kwanza, bao letu litakuja. Msimu wa 2018 ukaisha Bandari wakiwa nambari mbili, nyuma ya Gor Mahia.

Msimu wa 2018/19, gemu baada ya gemu

Hapa ndipo mambo yalipokuwa moto. Kenya ilikuwa inabadilisha kalenda ili ilingane na ya CAF, kwa hivyo msimu mpya ulianza Desemba 2018 na kuisha Mei 2019. Timu 18, mechi 34, miezi kama sita. Hesabu wewe mwenyewe: hiyo ni mechi moja kila siku tano au sita, na katikati uko kwa basi ukienda Nairobi, Kakamega, Kisumu na kurudi.

Januari 2019 wakaenda Dar es Salaam kwa kombe la SportPesa. Bingwa alikuwa anapata nafasi ya kucheza na Everton ya Uingereza. Bandari wakatoa Singida United. Nusu fainali wakakutana na Simba, kwao, na wakawapiga 2-1. We fikiria, timu ya Mbaraki inanyamazisha Simba Dar! Fainali wakalala 1-0 kwa Kariobangi Sharks. Sharks ndio walicheza na Everton Kasarani Julai ile, na wakawafunga kwa penalti. Bao moja tu, na hiyo sherehe ingekuwa yetu.

Lakini hawakukunja mkia. Ligi wakamaliza tena nambari mbili, tena nyuma ya Gor. Halafu Juni, fainali ya FKF Shield, nani wako upande wa pili? Sharks hao hao. Safari hii Bandari wakawapa 3-1, wakabeba kombe na tiketi ya kwenda Afrika.

Kwa nini kombe ndio, ligi la?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake ni hesabu.

Kombe la mtoano halijali kama wewe ni mzuri kila wiki. Linataka usifungwe siku hiyo, na mkitoka sare kuna penalti. Timu yenye kipa mkali na beki ngumu, kombe ni chakula yake.

Ligi ni kitu kingine. Ushindi pointi 3, sare pointi 1. Watu husema sare si mbaya, lakini kila sare ni pointi mbili umeacha mezani. Ukitoka sare mara 10 msimu mzima bila kupoteza hata moja, umeacha pointi 20. Timu inayojilinda kwanza hupoteza kidogo lakini sare zinaijia. Anayebeba ligi ni yule anayeua zile mechi za 0-0 dakika ya 80, na hiyo inahitaji straika wawili, watatu wa uhakika na benchi ndefu. Gor walikuwa nayo. Msimu huo walicheza mpaka robo fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF, wakarudi nyumbani na ratiba imebanana, na bado wakachukua ligi kwa mara ya tatu mfululizo. Tena walibadilisha kocha katikati ya hayo yote, Dylan Kerr akaondoka na Hassan Oktay akaingia. Kikosi chao kilikuwa kipana hivyo.

Kwa hivyo ukisikia Bandari "walishindwa", kataa. Nambari mbili mara mbili, fainali mbili na kombe moja, yote ndani ya mwaka mmoja na kitu. Hakuna timu ya Pwani iliyokuwa imefika hapo kwa muda mrefu.

Afrika, lakini si Mombasa

Agosti 2019 Bandari wakaingia Kombe la Shirikisho. Droo ikawapa Al Ahly Shendi ya Sudan. Sasa mechi ya nyumbani ingechezwa wapi?

Si Mbaraki, CAF haingekubali. Si uwanja wa Manispaa, ukarabati wake ulikuwa umeanza na ukaja kukwama kwa miaka. Ikabidi waende Kasarani, Nairobi. Kutoka Miritini kwa SGR hiyo ni safari ya karibu kilomita 470. Kijana wa Kibokoni au Majengo mwenye shilingi mia tatu mfukoni angefikaje? Mechi kubwa zaidi ya klabu kwa miaka mingi, na mji wake uliitazama kwa simu.

Walitoka 0-0 Kasarani, wakaenda Sudan wakapata 1-1, wakapita kwa bao la ugenini. Raundi iliyofuata wakawachapa US Ben Guerdane ya Tunisia 2-0 Kasarani, na hiyo ikatosha kuwavusha. Ilibaki hatua moja tu kuingia makundi. Hapo wakakutana na Horoya ya Guinea, na safari ikaishia hapo.

Makundi si jina tu. Makundi ni mechi sita za uhakika, ni doo ya CAF, na ni wachezaji kuonekana. Na hapo uwanja unaingia: mechi ya nyumbani bila watu wako ni kama harusi bila ngoma.

Ilivunjikaje?

Polepole, vile timu nyingi huvunjika. Shikalo alikuwa ashaenda AFCON ya 2019 na Stars, na Yanga wakamchukua. Ukimtoa kipa kwa timu iliyojengwa kuanzia golini, umetoa msingi wa nyumba. Ratiba ya Afrika ikachosha miguu. Matokeo ya ligi yakashuka, na mapema 2020 Mwalala na klabu wakaachana. Machi corona ikasimamisha ligi, Aprili Gor wakatangazwa mabingwa.

Miezi michache tu kabla ya hapo, kocha huyo alikuwa mechi moja kutoka makundi ya Afrika. Hii ndiyo sehemu ya kukuuma. Si kusema Mwalala angebeba ligi akiachwa, hakuna anayeweza kuapa hivyo. Lakini angalia: kikosi kilichukua karibu miaka miwili kukomaa, kikavunjwa kabla hakijajazwa pale palipotoboka.

Sasa wewe ufanye nini?

Kwanza, uliza kuhusu uwanja. Wagombea wanapokuja mtaani na fulana na kofia, waulize tarehe, waulize pesa zimefika wapi. Mombasa ikiwa na uwanja unaokubalika na CAF, timu yoyote ya hapa ikipenya Afrika itacheza mbele yako, na mama wa viazi karai atauza, na dereva wa tuktuk atabeba.

Pili, enda Mbaraki. Ratiba ikitoka angalia lini Bandari wako nyumbani, chukua mbogi yako, nendeni. Shirika linaweza kulipa mishahara, lakini haliwezi kununua kelele. Dakika ya 80, sare 0-0, miguu imekufa, pointi mbili ziko mezani: hapo ndipo mchezaji anahitaji kusikia watu wa kwao.

Na ukipita barazani jioni, muulize mzee mmoja akupe stori za Feisal wa 1965. Sikiliza mpaka mwisho. Halafu na wewe mpe hii ya Bandari na Simba kule Dar, kama hakuipata.