Printa ikigoma: Pima kwanza, katriji baadaye

WENYE printa za wino za nyumbani wanaozitumia kuingiza kipato wanashauriwa kutafuta chanzo cha hitilafu kabla ya kukimbilia dukani kununua katriji mpya, kwa kuwa si kila mgomo wa mashine hizo unatokana na kuisha kwa wino.

Katika Engutoto na kata nyingine za Jiji la Arusha, printa ndogo ya nyumbani siyo pambo la mezani. Ndiyo inayotoa ankara za muuza vifaa vya ujenzi, mazoezi ya watoto wa masomo ya ziada, kadi za michango ya harusi na ratiba za safari za wageni wanaokwenda mbugani. Ikigoma asubuhi, mteja hasubiri. Anapanda daladala kwenda mjini, na akishazoea duka jingine la steshenari, kumrudisha ni kazi.

Hasara ya pili ni ya fedha taslimu. Mwenye mashine akiona karatasi imetoka nyeupe hununua katriji, akiipachika na tatizo likabaki pale pale, humwita fundi, na fundi akishindwa hununua printa nyingine. Hatua zote tatu zinaweza kuwa zimechukuliwa kwa sababu ya waya wa USB uliolegea.

Hesabu ya wino

Mwaka 1988, HP ilipotoa printa yake ya kwanza ya DeskJet, bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 1,000. Tangu hapo bei ya mashine imeporomoka, na faida ya watengenezaji wengi imehamia kwenye wino. Ndiyo maana mnunuzi hukuta printa ya bei nafuu ambayo katriji zake mbili zinakaribia bei ya mashine yenyewe.

Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123 imekadiriwa na kampuni hiyo kutoa kurasa 120. Chupa ya wino mweusi ya Epson 103, inayotumika kwenye printa za tangi, imekadiriwa kutoa kurasa 4,500. Makadirio ya namna hii hutokana na kurasa za majaribio zenye maandishi ya kiasi. Anayechapa picha na mabango asitarajie kufika huko.

Tuchukue bei za mfano tu, ambazo kila mfanyabiashara atabadilisha kwa bei za dukani kwake. Katriji ya kurasa 120 ikinunuliwa kwa sh. 36,000, wino peke yake ni sh. 300 kwa ukurasa. Rimu ya karatasi 500 ikiwa sh. 12,500, kila karatasi ni sh. 25. Anayemtoza mteja sh. 200 kwa ukurasa anapata hasara ya sh. 125 kabla ya kuhesabu umeme. Chupa ya kurasa 4,500 ikinunuliwa kwa sh. 45,000, wino ni sh. 10 kwa ukurasa.

Kwa hesabu hiyo hiyo, anayetupa katriji iliyobakiza nusu kwa kudhani imekwisha ametupa sh. 18,000. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kompyuta.

Kipimo cha kwanza ni kopi

Njia rahisi ya kujua tatizo liko upande gani ni kuiachia printa ifanye kazi bila kompyuta. Kama mashine ina sehemu ya kutolea kopi, weka karatasi yenye maandishi juu ya kioo na ubonyeze kitufe cha kopi. Kama haina, nyingi hutoa ukurasa wa majaribio kwa kubonyeza vitufe vyake kama ilivyoelezwa kwenye kijitabu cha maelekezo.

Majibu ni matatu. Kopi ikitoka safi, wino na karatasi havina tatizo, kwa hiyo tafuta kosa kwenye kompyuta, simu au waya. Karatasi isipovutwa kabisa, tatizo ni la trei na rola. Karatasi ikitoka nyeupe au yenye mistari, ndipo wino na kichwa cha kuchapia vichunguzwe. Kipimo hiki hakizidi dakika 2 na gharama yake ni karatasi moja.

Kopi inatoka, kompyuta haitoi

Hapa usiguse katriji. Kwanza angalia foleni ya kazi kwenye kompyuta. Kazi moja iliyokwama huzuia zote zilizo nyuma yake, na mtumiaji anayebonyeza tena na tena huongeza msongamano. Futa foleni yote, zima printa na kompyuta, kisha washa upya.

Pili, hakikisha kompyuta inatuma kazi kwenye printa yenyewe. Kompyuta iliyowahi kuunganishwa na mashine mbili huweza kuendelea kutuma kazi kwa ile ya zamani iliyokwishauzwa. Hata waya wa USB ukihamishiwa tundu jingine, kompyuta inaweza kusajili printa ile ile kama mpya na kuiacha ya awali ikionyesha kwamba haipo hewani.

Tatu ni Wi-Fi. Wengi hutumia intaneti ya simu kwa kuirusha kwenye vifaa vingine. Simu ikibadilishwa, au jina la mtandao na neno la siri vikibadilishwa, printa hubaki ikiutafuta mtandao ambao haupo. Aidha, printa nyingi za bei nafuu hupokea mawimbi ya GHz 2.4 pekee, hivyo simu au ruta iliyowekwa GHz 5 haitaonekana kwao. Waya wa USB ndiyo njia ya kuthibitisha: kazi ikitoka kwa waya na isitoke kwa Wi-Fi, tatizo ni mtandao.

Karatasi haivutwi

Wakati wa masika karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, hujikunja na kushikana. Wakati wa kiangazi vumbi huganda kwenye rola za mpira zinazovuta karatasi, nazo huanza kuteleza. Printa husema karatasi imekwisha ilhali trei imejaa.

Dawa ni kuchomoa umeme, kufuta rola kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi, na kuziacha zikauke. Karatasi ipepetwe kabla ya kuwekwa, na trei isijazwe kupita alama. Iliyokwama itolewe polepole kwa mikono miwili kufuata njia yake. Kipande kidogo kikibaki ndani kinaweza kuzuia kichwa kisitembee, na mashine ikatangaza hitilafu kubwa. Rimu hufungwa ndani ya mfuko wake wa plastiki baada ya kila matumizi.

Karatasi inatoka nyeupe

Kichwa cha printa ya wino kina vitundu vyembamba kuliko unywele. Mashine za HP na Canon husukuma wino kwa kuuchemsha kidogo hadi utoe povu. Za Epson husukuma kwa kipande kinachojikunja kikipitishiwa umeme. Kwa njia zote mbili, wino ukikauka kwenye vitundu, hakuna kinachotoka.

Chanzo kimojawapo ni tabia ya kuzima printa kwenye swichi ya ukutani. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi kwenye maegesho yake na kufunikwa kwa kifuniko cha mpira ili kisikauke. Umeme ukikatwa ghafla, au uniti za LUKU zikiisha katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi. Katika hewa kavu na yenye vumbi ya miezi ya kiangazi, kukiacha hivyo siku kadhaa ni kuziba vitundu. Umeme ukirudi, washa mashine, iache imalize mzunguko wake, kisha izime kwa kitufe.

Kwa katriji mpya, hakikisha utepe wa plastiki umeondolewa wote. Kwa printa za tangi, angalia wino kwa macho na usiruhusu ushuke chini ya alama, kwa kuwa hewa ikiingia kwenye mirija kuitoa ni gharama.

Baada ya hapo toa karatasi ya kukagua vitundu. Mistari ikikatika, agiza usafishaji wa kichwa mara moja, kisha kagua tena. Usirudie zaidi ya mara 2 au 3 mfululizo. Kila usafishaji hunyonya wino na kuumwaga kwenye spanji ya ndani, na anayeurudia mara 10 anaweza kumaliza wino wake bila kuchapa hata ukurasa mmoja. Zima mashine kwa saa kadhaa, hata usiku mzima, ili wino ulainishe ulioganda, kisha jaribu tena.

Katriji nyingi ndogo za HP hubeba kichwa chake zenyewe. Hizo zinaweza kutolewa na kufutwa chini kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, bila kuchubua sehemu ya shaba. Ikishindikana, katriji mpya ni kichwa kipya. Kwa Epson kichwa hubaki ndani ya mashine, hivyo kikiharibika gharama ni kubwa. Kabla ya kukubali kubadilishiwa kichwa, omba bei kwanza na uilinganishe na bei ya mashine nyingine.

Taa zinawaka, printa haikubali

Spanji inayopokea wino taka nayo hujaa. Printa huhesabu wino unaomwagwa humo, na hesabu ikifika kikomo hugoma kabisa. Kwa Canon nyingi alama yake ni 5B00, na kwa Epson hutokea ujumbe kwamba pedi za wino zimefika mwisho wa matumizi. Fundi anaweza kubadilisha spanji na kurudisha hesabu mwanzo. Anayerudisha hesabu bila kubadilisha spanji ameuza tatizo kwa siku nyingine, kwani wino utamwagika mezani.

Baadhi ya mashine hukataa kuchapa maandishi meusi kwa sababu wino wa rangi umekwisha. Kwa printa nyingi za HP zenye katriji 2, kuitoa ile iliyokwisha huiruhusu mashine kuendelea na iliyobaki. Mbinu hiyo inaweza kuokoa kazi ya siku.

Lipo pia suala la chipu. Septemba 2016, baadhi ya printa za HP zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine. Shauri la wateja nchini Marekani liliishia kwa makubaliano ya dola milioni 1.5, na mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10 kwa kutowaeleza wanunuzi vya kutosha kuhusu vizuizi hivyo. Fundisho kwa mnunuzi wa Arusha ni kuuliza kabla ya kulipa kama katriji mbadala inakubaliwa na mashine yake, na kama muuzaji ataipokea ikirudishwa.

Katriji mbadala iliyoandikwa jina la mtengenezaji wake ni bidhaa halali. Iliyobandikwa jina la kampuni nyingine ni bandia, na bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Risiti ya EFD ndiyo ushahidi wa mteja.

Mashine ipi kwa biashara ipi

Anayefikiria kuwekeza aanze na idadi ya kurasa anazotarajia kuuza kwa wiki. Anayechapa kila siku, hasa rangi, printa ya tangi humlipa ingawa bei yake ya kuanzia ni kubwa. Epson ilizileta sokoni kwanza Indonesia mwaka 2010, na washindani wake wakafuata. Anayechapa maandishi meusi tu, tena baada ya wiki kadhaa, afikirie printa ya leza, kwani tona ni unga na haikauki. Printa ya katriji humfaa mwenye kazi chache ambaye hata hivyo yuko tayari kuchapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki ili vitundu visizibe.

Kwa mtumba, usilipe kwa kuona taa imewaka. Dai karatasi ya kukagua vitundu ichapwe mbele yako, kopi moja, na karatasi 10 zivutwe mfululizo. Uliza kama spanji imewahi kubadilishwa. Muuzaji anayesema wino umekwisha ndiyo maana haiwezi kujaribiwa anauza kitu ambacho hakuna anayejua hali yake, na bei ipangwe kama ya vipuri.

Mwenye mashine tayari anaweza kuanza wiki hii kwa daftari dogo kando ya printa: tarehe ya kuweka wino, bei yake, na kurasa zilizotoka hadi ukaisha. Baada ya katriji mbili au tatu atajua gharama yake halisi kwa ukurasa, na atajua kama anachowatoza wateja kinamlipa.