Dublin: Kiwanda cha Pombe au Msahafu wa Mwana wa Bawabu?

Swali hili sikuulizwa Mombasa wala Lamu, bali Oldonyiro, kule magharibi ya Isiolo ukishapita Kipsing, ambako nilikwenda kufuata habari za soko la mifugo. Mzee mmoja wa Kisomali, mnunuzi wa mbuzi, aliposikia kwamba nimewahi kufika Ireland, alinishika mkono akaniketisha kivulini. Mtoto wa marehemu nduguye, aliyezaliwa hapo hapo Oldonyiro na mama wa Kisamburu, amepata nafasi ya kusomea mambo ya mifugo Dublin. Wenziwe waliomtangulia wamemwambia kwamba mtu hajaiona Dublin mpaka aione nyumba ya Guinness.

"Ustadh," akasema mzee, "hiyo ni nyumba ya pombe, na watu wanalipa kuingia. Mna nini ndani?"

Nikamweleza. Guinness ni pombe nyeusi ya shayiri, na kiwanda chake cha asili kiko mahali paitwapo St James's Gate. Tarehe 31 Desemba 1759, bwana mmoja aitwaye Arthur Guinness alitia sahihi mkataba wa kukodi mahali hapo kwa miaka 9,000, kwa pauni 45 kila mwaka. Miaka elfu tisa! Na sisi wenye mashamba ya wakfu tulidhani ndio tunaojua maana ya muda mrefu. Jengo wanaloingia watalii lilimalizika mwaka 1904. Lilikuwa la kuchachushia pombe hadi 1988, na mwaka 2000 likafunguliwa kwa wageni. Lina orofa saba zilizozunguka uwazi uliofanywa kwa umbo la bilauri, na juu kabisa kuna baraza ya vioo ambapo mtu huutazama mji wote huku akinywa. Huingia humo watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

"Kwa kiasi gani?"

Nikamwambia euro ishirini na kitu, kwa kutegemea siku na saa, kisha nikamgeuzia kwa shilingi zetu. Mzee akapiga hesabu kwa vidole. "Hiyo ni miguu mitatu ya mbuzi," akasema. Kijana akacheka. Mzee hakucheka, maana nauli ya kijana ilitoka katika zizi lake.

Sasa hapo pana jambo. Ndani ya bei ya tiketi hiyo mna bilauri ya pombe. Asiyeitaka anaweza kuchukua soda badala yake, lakini tiketi imekwisha kupangwa kwa hesabu ya bilauri. Mimi si mufti, wala ukurasa huu si wa fatwa. Hata hivyo, kila aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu wake anajua kwamba lawama ya pombe haikuishia kwa mnywaji. Imemkuta mkamuaji, mchukuzi, muuzaji na mnunuzi, na tumekatazwa hata kukaa penye meza inayozungushiwa pombe. Nilipokuwa Dublin katika msafara wa waandishi, wenzangu waliingia, mimi sikuingia. Jioni niliwauliza waliyoyaona, kwa kuwa kuuliza hakujaharamishwa.

Waliniambia habari za shayiri na maji, na za mafundi waliokuwa wakitengeneza mapipa ya mbao kwa macho tu, bila ya kipimo. Hilo la mafundi lilinivutia. Lakini sehemu kubwa ya masimulizi yao ilikuwa matangazo: mabango ya zamani, yule ndege tukani mwenye domo kubwa, na duka la kununua fulana. Nikajiuliza, ni duka gani la kanzu hapa kwetu linalomtoza mtu kiingilio ili akatazame kanzu?

Tusiwadhulumu, lakini. Mwaka 1899 kiwanda hicho kilimwajiri kijana wa hesabu, William Gosset. Alikuwa na taabu moja: sampuli za shayiri zilikuwa chache, na kwa uchache ule atajuaje kwamba tofauti aliyoiona ni ya kweli na si bahati tu? Jawabu lake alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student", kwa sababu kampuni haikutaka watumishi wake wajulikane. Kipimo hicho kinatumika hata leo. Kijana wetu akitaka kujua kama malisho fulani yamewanenepesha mbuzi kumi kuliko kumi wengine, atakihitaji. Lakini hilo atalipata darasani.

Na jinsi pombe inavyojua kujipamba, Mkenya hana haja ya kwenda Ulaya kulitazama. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu, na bia yao ikapewa jina la Tusker kwa ukumbusho. Ndovu akawa pambo la chupa. Watu wa Oldonyiro, wanaokutana naye njiani wakifuata maji, hawamjui kwa sura hiyo.

"Na wewe ulikwenda wapi?" mzee akaniuliza.

Nilishika Thomas Street kwa miguu, nikapita kanisa kuu la Christ Church, na kabla ya nusu saa nilikuwa katika Ngome ya Dublin. Ndani ya ngome mna maktaba ya Chester Beatty, iliyohamia hapo mwaka ule ule wa 2000, na kuingia ni bure. Alfred Chester Beatty alikuwa Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1875, akatajirika kwa madini, ikiwamo shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kwa mali hiyo alinunua misahafu na vitabu vya Mashariki. Alihamia Dublin mwaka 1950, na alipokufa mwaka 1968 hazina hiyo ikabaki kwa ajili ya umma. Kwa hiyo Mwafrika anayeingia pale asijione mgeni sana. Kiingilio chake kilikwisha kulipwa zamani, na miongoni mwa waliokilipa ni wachimbaji wa Luanshya.

Humo mna msahafu ulioandikwa Baghdad mwaka 391 wa Hijra, yaani 1000 au 1001 Miladi, kwa mkono wa Ali bin Hilal, mashuhuri kwa jina la Ibn al-Bawwab. Mswahili hahitaji kamusi hapo: ni mwana wa bawabu, mtoto wa mngoja mlango. Ameuandika juu ya karatasi, kwa khati ya naskhi iliyo laini na ya mviringo, katika zama ambazo khati ya Kufi yenye pembe ilikuwa bado na heshima kubwa. Kila herufi ina kadiri yake, inayopimwa kwa nukta za kalamu ya mwanzi. Ni kitabu kidogo, cha kushikwa mkononi. Sisi ambao wazee wetu wa Siyu walinakili misahafu kwa kalamu na wino, tukaanza alifu kwa ubao, tunajua ni jasho kiasi gani limejificha katika mstari ulionyooka.

Anayekwenda aulize kwanza, kwa sababu kurasa za kale haziachwi wazi daima, hupumzishwa na mwanga. Na ikiwa ni Ijumaa, msikiti wa South Circular Road, uliofunguliwa mwaka 1983 katika jengo lililokuwa kanisa, hauko mbali kwa miguu.